Mbunge wa Jimbo Kutoka Fizi: Kazi Yake Hasa Iko Wapi?

Raia wa Fizi akimtafuta kiongozi aliyempigia kura mwenyewe, wa karibu kuliko wote ni mbunge wa jimbo. Chini yake hakuna mwingine. Wakuu wa sekta nne za teritwari, yaani Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, hawakupitia sanduku la kura. Msimamizi wa teritwari ameteuliwa, na meya wa Baraka ameteuliwa pia. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inaitaja sekta na mji miongoni mwa vyombo vya ugatuzi, na sheria imeeleza jinsi mabaraza yake yatakavyochaguliwa. Tangu hapo hakuna sekta hata moja nchini Kongo iliyokwisha kuchagua baraza lake. Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 ulichagua madiwani wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu, kwa hiyo Bukavu walipiga kura hiyo na Baraka hawakuipiga.

Matokeo yake tunayaona kila mbunge anaporudi nyumbani. Uani kwake Baraka, Mboko au Lulimba wanajaa watu wenye shida za kila aina: shule isiyo na madawati, daraja lililochukuliwa na mafuriko, ng'ombe walioingia kwenye mihogo, kijana aliyekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, mgonjwa aliyekwama hospitali ya Bukavu kwa deni. Nyingi ya shida hizo zilikuwa za diwani, na diwani hayupo. Zilizobaki ni za waziri wa Kinshasa, na Kinshasa ni mbali. Zote zinamwangukia mtu mmoja, naye akishindwa kuzitatua huambiwa amesahau alikotoka.

Nadhani hukumu hiyo inamwonea na wakati huohuo inamwachia. Inamwonea kwa kumdai mambo ambayo sheria haikumpa. Inamwachia kwa sababu yale aliyopewa, na ambayo angeweza kuulizwa sawasawa, hakuna anayemuuliza. Mengi ya hayo hufanyika ndani ya komisheni za Bunge la Jimbo, mahali ambapo mpiga kura wa Kazimia hajawahi kupaangalia na wala hakuambiwa kwamba anayo haki ya kupaangalia.

Tuanze na alichopewa. Ibara ya 197 ya katiba inalipa Bunge la Jimbo kazi mbili: kutunga sheria za jimbo, zinazoitwa edikti, na kuidhibiti serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Muhula ni miaka mitano. Bunge la Kivu ya Kusini lina viti 48, vingi vya kuchaguliwa na vichache vya machifu wa kimila wanaoingizwa bila kura ya raia, ambao katiba inasema wasizidi sehemu moja ya kumi. Ibara ya 204 inaorodhesha mambo ya jimbo peke yake, na ndani yake mna shule za msingi na sekondari, kazi za umma zenye faida ya jimbo, hata biashara ndogo ya mpakani. Hiyo ya mwisho msomaji wa Baraka aishike vizuri. Boti zinazovuka Tanganyika kwenda Kigoma na kurudi na bidhaa zinaguswa na mamlaka ya jimbo moja kwa moja, na tozo zinazodaiwa ufukweni ni haki ya mbunge wa jimbo kuziulizia.

Sasa asichopewa. Jeshi si la jimbo, na polisi ni ya taifa. Barabara kuu namba 5 (RN5), inayotoka Bukavu kupitia Uvira, Makobola, Mboko na Baraka, ikapanda Fizi na kushuka Lulimba kuelekea Kalemie na Katanga, ni barabara ya taifa. Kuitunza ni kazi ya Ofisi ya Barabara na mfuko wa taifa wa matengenezo. Mgombea anayesimama sokoni Baraka akiahidi kuitengeneza RN5 anaahidi kitu ambacho kura yake bungeni haiwezi kukifanya. Anachoweza ni kutetea: kuandika barua, kuwafuata wabunge wa taifa, kupiga kelele redioni. Utetezi una thamani yake, siubezi. Lakini barabara za mashambani, zile zinazoteremsha mawese na mihogo kutoka vijiji vya ndani hadi njia kuu, zinaingia kwenye mfuko wa jimbo na wa sekta, na huko mbunge ana mkono. Ni ajabu kwamba kampeni nzima hupita kwenye RN5 na barabara ya kijiji haitajwi.

Hali ni ileile kwa usalama, na hapa jambo lina uchungu zaidi. Fizi imepitia mengi: uasi wa Mulele na Simba mwaka 1964, Che Guevara na Wakuba wake mwaka 1965, maquis, yaani ngome ya waasi, ya Laurent-Désiré Kabila huko Hewa Bora kuanzia 1967, mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, kisha miaka ya makundi ya Mai-Mai na vita vya nyanda za juu. Raia akimuuliza mbunge wake kuhusu usalama anauliza swali la kwanza la maisha yake. Mbunge hawezi kusogeza hata kikosi kimoja. Anachoweza ni kusema, na kauli yake inaweza kutuliza au kuchochea.

Mfano ni komini ya Minembwe, huko nyanda za juu. Amri ya waziri mkuu ya Juni 2013 iliyotoa hadhi ya mji na ya komini kwa makazi kadhaa ya Kivu ya Kusini, Baraka ikiwemo, ndiyo iliyoitaja Minembwe pia. Meya wa komini hiyo aliposimikwa mwishoni mwa Septemba 2020 mbele ya waziri wa ugatuzi, Azarias Ruberwa, nchi nzima ilitikisika, na siku chache baadaye Rais Tshisekedi akatangaza kwamba ameufuta utaratibu huo. Wanasiasa wa kila upande walisema sana wiki zile. Kwa miaka saba kabla yake amri hiyo ilikuwa kwenye karatasi za serikali, na mipaka ya komini ilikuwa jambo la kuchunguzwa polepole, ramani mkononi, machifu na wazee wa jamii zote wakisikilizwa. Kazi ya namna hiyo ni ya komisheni ya siasa, utawala na sheria, ambayo wabunge wenyewe huiita PAJ. Kelele za jukwaani za 2020 zilikuja baada ya muda wa kazi kupita.

Komisheni basi. Bunge lolote la jimbo Kongo hugawa wabunge wake katika komisheni za kudumu. PAJ na ile ya uchumi na fedha, Ecofin, zipo kila mahali. Nyingine hushika mambo ya jamii na utamaduni, miundombinu, mazingira na maliasili. Kila moja ina mwenyekiti wake na mwandishi wake wa ripoti. Kikao cha wote, kile tunachokisikia redioni, kwa kawaida hupitisha kilichopikwa huko. Mwandishi wa ripoti, ambaye jina lake halitangazwi na yeyote, mara nyingi ana nguvu kuliko msemaji hodari wa ukumbini, kwa kuwa maneno yake ndiyo yanayopigiwa kura.

Chukua bajeti. Serikali ya jimbo huleta rasimu katika kikao cha Septemba, kikao cha bajeti. Gavana huieleza mbele ya wote, wabunge huuliza, wakiikubali ijadiliwe inakwenda Ecofin. Hapo ndipo mbunge wa Fizi anaweza kukaa na makaratasi na kuuliza ukurasa kwa ukurasa: idara ya mapato ya jimbo, DPMER, inatarajia kukusanya kiasi gani kutoka Baraka na Misisi, na mwaka jana ilikusanya kiasi gani? Kituo cha afya kilichoandikwa kwa ajili ya Ngandja ni kilekile kilichoandikwa mwaka juzi? Kama ni kilekile, fedha za mwaka juzi zilikwenda wapi? Komisheni inaweza kumwita waziri wa jimbo, mkurugenzi, mhasibu. Inaweza kurekebisha. Kisha rasimu inarudi ukumbini, inapigiwa kura ibara baada ya ibara, na gavana anaitangaza.

Raia wengi wa Fizi wanaojua habari za bajeti wanaishia hapo: mstari wetu umeingia au haukuingia? Mbunge naye hurudi nyumbani na habari njema kwamba barabara fulani "imepita kwenye bajeti". Mstari kuingia ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Nusu kubwa ni hesabu za mwaka uliokwisha. Sheria ya fedha za umma ya 13 Julai 2011, inayozifunga pia serikali za majimbo, inadai serikali ilete bungeni hesabu za matumizi halisi, nazo zipitishwe kwa edikti. Kama ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza mbunge yeyote wa jimbo, lingekuwa hili: hesabu za mwaka jana ulizisoma, na uliandika nini juu yake? Hotuba hufichika nyuma ya sauti nzuri, hesabu haina pa kujificha.

Kuna kikwazo cha kweli, na ni haki kukitaja. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni ibaki jimboni, ikatwe hapohapo. Haijawahi kutekelezwa hivyo. Fedha zote hupanda Kinshasa, kisha hurudi kwa mgao usio na ratiba, pungufu sana ya kilichoandikwa. Bajeti ya jimbo hujengwa juu ya matumaini, na serikali yoyote ya jimbo ikiulizwa kwa nini kituo cha afya hakikujengwa ina jibu tayari: mgao haukuja. Wakati mwingine ni kweli. Nani atajua ni lini si kweli, kama si komisheni inayolinganisha kilichoingia na kilichotoka? Wabunge wenyewe ni wahanga wa mtindo huohuo, kwa kuwa posho zao hutoka Kinshasa na mara kwa mara wabunge wa majimbo wamelalamika hadharani kwa miezi mingi bila malipo. Mbunge mwenye njaa ni rahisi kununulika. Sisemi hivyo kumtukana mtu. Ni udhaifu uliojengwa ndani ya mfumo, na anayejenga hoja juu ya uadilifu wa wabunge bila kuutaja anaacha nusu ya ukweli.

Tozo za barabarani ni eneo jingine ambalo mbunge wa Fizi angeweza kulifanyia kazi bila kungoja Kinshasa. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ilihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu mbili, vya askari, vya makundi yenye silaha, na vya ofisi za serikali za kila ngazi. Mama anayepeleka ndagala zake Bukavu au mfanyabiashara wa mawese anajua kila kizuizi na bei yake. Orodha ya kodi na tozo zinazoruhusiwa kwa jimbo na vyombo vya ugatuzi ipo, iliwekwa na agizo lenye nguvu ya sheria la 13 Machi 2018. Kwa hiyo swali linawezekana kabisa: chukua stakabadhi za safari moja ya pikipiki au lori kutoka Lulimba hadi Uvira, zilaze mezani mbele ya Ecofin, na ulinganishe kila moja na orodha. Isiyokuwemo ifutwe, na aliyeitoza aitwe. Vizuizi vya wenye bunduki havitaondoka kwa njia hiyo. Vya ofisi za jimbo vinaweza.

Na mifugo. Kila kiangazi ng'ombe hushuka kutoka nyanda za juu kwenda malisho ya Lulenge na Ngandja. Zamani mfugaji alimletea chifu wa eneo itulo, ng'ombe au thamani yake, na chifu akapanga njia na mahali pa kulisha. Vita vilipoongezeka, wenye silaha nao wakaanza kudai, mfugaji akalipa mara mbili au tatu, mkulima akapoteza shamba bila fidia, na ugomvi wa shamba moja ukageuka ugomvi wa makabila. Mashirika ya amani yamekutanisha Wabembe, Wabuyu, Wafuliru na Wanyamulenge mara nyingi kuhusu jambo hili, na makubaliano ya vijiji yamewahi kufanya kazi kwa msimu mmoja au miwili. Yanakufa kwa kukosa sheria ya kuyashikilia. Edikti inayosema njia ziko wapi, nani anapanga, fidia inapimwaje na nani haruhusiwi kupokea chochote, ni kazi ya mbunge wa jimbo hasa, na naiona kuwa ya thamani kuliko hotuba mia za usalama. Inahitaji wabunge wa Fizi, Uvira na Mwenga wakae komisheni moja na waandike pamoja, hata kama wapiga kura wao wameuana. Ndiyo maana ni ngumu.

Anayedhani komisheni ni mambo ya makaratasi tu akumbuke historia iliyotugusa wenyewe. Mwana wa Fizi, Anzuluni Bembe, alikuwa mkuu wa bunge la Zaire mwishoni mwa utawala wa Mobutu, kisha akawa katika uongozi wa bunge la mpito, HCR-PT. Bunge hilo liliunda komisheni iliyoongozwa na Vangu Mambweni kuchunguza hali ya Kivu, na baada ya ripoti yake likapitisha azimio la 28 Aprili 1995 lililowanyima uraia wazungumzaji wa Kinyarwanda. Mwaka uliofuata vita vilikuja, na azimio lile likawa moja ya sababu zake. Ripoti ya wabunge wachache iligusa maisha ya mamilioni. Kama karatasi ya komisheni inaweza kubomoa kiasi hicho, tusiidharau inapoandikwa kwa ajili ya njia za ng'ombe.

Safari ya mbunge wa jimbo nayo ina mambo yake. Waliochaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006 walikuwa wa miaka mitano, lakini uchaguzi wa kuwabadili haukufanyika hadi 30 Desemba 2018; miaka 12 kwa kura moja. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa anamaliza shule ya msingi. Muda mrefu hivyo ungeweza kuzaa wataalamu wa komisheni. Ulizaa zaidi mazoea ya kukaa bila kuulizwa.

Kisha kuna mlango wa kutokea. Orodha za uchaguzi humpa kila mgombea wasaidizi wawili wa kushika kiti chake, na mbunge akiteuliwa waziri wa jimbo, msaidizi huingia mahali pake. Serikali ya jimbo haizidi mawaziri kumi, kwa hiyo nafasi ni chache na mbio ni kali. Mwenyekiti wa komisheni aliyekuwa ameanza kumbana waziri fulani anaweza kujikuta mwezi ujao ameketi kwenye kiti hichohicho. Sioni ubaya mtu kupanda cheo. Ubaya ni pale komisheni inapotumiwa kama ngazi: unabana ili uonekane, unaonekana ili uitwe, ukiitwa faili linafungwa.

Tena wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta. Mchezo wa fedha katika kura hizo ulikuwa wa wazi kiasi kwamba Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta nchini, Rais Tshisekedi alisimamisha kusimikwa kwao kwa tuhuma za rushwa. Kivu ya Kusini imeishi msukosuko wake: mwishoni mwa 2021 Bunge la Jimbo lilipiga kura ya kuiangusha serikali ya Théo Ngwabidje, jambo likafika Mahakama ya Katiba, na gavana akarudi ofisini; baada ya uchaguzi wa 2023 kiti kikaenda kwa Jean-Jacques Purusi. Miezi yote ambayo bunge lilikuwa limegawanyika kwa ajili ya kiti kimoja, komisheni zingekuwa zinafanya kazi gani?

Lipo jambo moja zuri ambalo mfumo umeliweka na tunaliacha lilale. Bunge likifunga kikao, mbunge huenda likizo ya bunge, na likizo hiyo ni ya kikazi: anazunguka eneo lake, anasikiliza, kisha anaandika ripoti na kuikabidhi bungeni. Nyingi za ripoti hizo zina habari nzito, shule zilizoungua, vijiji vilivyohamwa, bei za kizuizi kwa kizuizi. Zinakwenda bungeni na hazirudi. Kama nakala ingebandikwa kwenye ofisi ya kila sekta na kusomwa kwenye redio za Baraka kwa Kiswahili na Kibembe, raia angeweza kusema: hapa umeandika sawa, hapa umeongeza, na hili letu umelisahau. Hakuna sheria inayokataza. Haigharimu kitu zaidi ya karatasi.

Mwaka 2025 uliyafanya haya yote kuwa magumu zaidi. Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba vita vikafika Uvira penyewe, na watu wengi wakakimbilia Burundi na kuteremka kuelekea Fizi. Mbunge wa Fizi akawa na bunge ambalo ukumbi wake wa Bukavu ulikuwa chini ya utawala mwingine, na eneo lake likapokea wakimbizi wa ndani juu ya wakimbizi Warundi walioko Lusenda tangu 2015. Baraka ikawa karibu na shughuli za jimbo kuliko Bukavu. Komisheni haihitaji ukumbi wa marumaru. Wabunge saba na mwandishi mmoja wanaweza kukaa katika chumba cha shule, wakaomba orodha ya misaada iliyofika ufukweni, iliyopokelewa na nani, iliyogawiwa wapi, wakaandika na kutia sahihi. Fedha na chakula vinavyopita Baraka havina macho ya mtu aliyechaguliwa, ila yake yeye, mbunge wa jimbo.